Kilichomo Chunguni

Kwa miaka miwili Gladwell Wacera, mfumaji wa sweta wa mtaa wa Skuta mjini Nyeri, alitembea na karatasi ya kliniki mkobani. Ilitaja kalori za kipande cha mkate, za yai la kuchemsha na za jibini. Njahi, ile kunde nyeusi, haikuwamo. Mukimo, viazi vilivyopondwa na mahindi na mboga, haukuwamo. Aliyeichapa hakujishughulisha kuuliza wagonjwa wa Nyeri hula nini, na huko si kusahau, ni dharau.

Binti yake Kabura, mwenye miaka kumi na mmoja, alikuwa na kisukari cha kudungwa sindano. Dawa ilitangulia chakula kwa nusu saa, hivyo ilibidi ipimwe kwa sahani ambayo bado haijapakuliwa. Ikipungua, sukari ilipanda mwilini. Ikizidi, ilishuka, na mtoto angeweza kufa. Wacera alikisia kila siku, asubuhi na jioni.

Jumamosi moja ya mwaka 1994 walikwenda Othaya nyumbani kwa mama yake, ambako dada yake Wacera alikuwa amejifungua. Wanawake saba walifika na viondo vilivyofunikwa, kila mmoja akamimina chake katika chungu kimoja cha njahi ya mzazi. Mmoja alipomimina, wenzake walitazama kando, asije mtu akaaibishwa na alicholeta.

Wacera aliivunja heshima hiyo.

"Mama Theuri, umetia ndizi mbivu ngapi?"

"Ati ngapi?" jirani huyo alifoka. "Hii ni sherehe ama ni korti? Kumi na mbili! Ulidhani nimekuja kutembeza kiondo?"

"Mwache," mwingine akacheka. "Watu wa mjini hupima hata mate kabla ya kumeza."

Wacera akajumlisha kichwani: ndizi kumi na mbili, viazi, njahi, sahani iliyojaa. Akaongeza dawa, akamdunga mwanawe.

Yeye mwenyewe alikula wa mwisho, kwa kuwa alikuwa akiwapakulia wageni. Alionja kijiko cha kwanza. Hapakuwa na utamu wowote. Majani ya malenge yalikuwa tele. Kabura alikuwa amekwisha kumaliza sahani yake.

"Sukari! Nipeni sukari!"

Haikuwamo nyumbani. Malipo ya kahawa yalikuwa hayajafika, na chai ya siku hiyo ilinywewa bila sukari. Dada mtu, ingawa alikuwa mzazi, alipiga mbio kwa majirani. Nyumba ya tatu ndiyo iliyokuwa nayo. Aliporudi, Kabura alikuwa chini, jasho likimtoka, meno yameumana. Wacera alimsugua sukari ndani ya shavu, akimwita jina, akimwita tena, hadi macho yakafumbuka.

Mama Theuri alilia. "Yalikuwa majani matupu, Wacera. Ndizi zetu tuliuza zote. Ningesemaje mbele ya hawa?"

Wacera alimgeukia mama yake mzazi.

"Maitu, nipe sufuria ndogo. Kabura atapikiwa peke yake."

"Peke yake, katika nyumba yangu? Watasema unaogopa kurogwa!"

"Waseme."

Wanawake walichukua viondo vyao, mmoja mmoja, wakaondoka bila kuaga. Jioni ilipofika, Wacera alimenya viazi viwili, akavilinganisha na ngumi yake, kisha akaitandaza tena karatasi ya kliniki magotini. Kiazi hakikuwamo. Akashika sindano, akakisia.