Mtoto Asiyelia

Miaka ya sabini pale Malaba, magendo ya kahawa yalipopamba moto, sisi waliookoka tulikuwa na desturi yetu: ukimshuku mwenzako, unasimama ibadani na kumwomba msamaha mbele ya wote.

Dada mmoja alivuka kutoka Uganda kila Alhamisi kuja ibadani, mtoto mgongoni, kafunikwa gubigubi. Tulipiga ngoma, mtoto kimya. Wenzangu walimsifu eti mpole. Upole gani huo?

Siku moja nikasimama. "Dada, nisamehe. Nimekushuku kwamba unabeba kahawa."

Machozi yakamtoka. "Nimekusamehe," akasema, akanikumbatia. Mkono wangu ukatua juu ya mtoto. Chini ya kitenge nikahisi punje, punje tupu.

Wote wakasema haleluya. Nikaitikia, tena kwa sauti kubwa kuliko wote.