Sikio la Madoa

Siku yangu ya kwanza kazini, Bwana Mkaguzi wa Majengo pale bomani Singida aliitazama diploma yangu, akaigeuza nyuma kana kwamba kulikuwa na maelezo zaidi, kisha akanipa kopo la chokaa na kunionyesha mawe yaliyopangwa kandokando ya njia ya kwenda kwenye bendera. Mimi, mtu wa Kiomboi niliyekaa Uganda miaka mitatu nikisomea uchoraji, wa kwanza kwetu kufanya hivyo, nilipaka mawe.

Kilichoniokoa ni mbwa. Mke wa Bwana DC alikuwa na mbwa mwekundu, mnene, ambaye sikio lake la kushoto liliraruliwa na fisi. Aliposikia kuna mchoraji bomani, akaagiza picha. Vijana wa leo mnanunua kila kitu tayari. Sisi tulinyoosha kitambaa cha amerikani kwenye fremu ya mbao, tukakipaka gundi na unga wa chokaa ili kisinywe rangi, tukachora kwanza kwa mkaa, ndipo zikafuata rangi za mafuta, tabaka juu ya tabaka, kila moja ikisubiri ya chini yake ikauke. Wiki tatu. Mbwa halali vizuri, hakai vizuri, na mwenye mbwa hanyamazi.

"Hapana chora sikio mbaya," aliniambia. "Chora sikio mzuri. Na tumbo ndogo."

"Lakini memsabu, mbwa mwenyewe ndivyo alivyo."

"Mimi najua mbwa yangu!"

Nikachora sikio zima. Alifurahi, akaitundika kwenye ukumbi wa boma, na Bwana Mkaguzi akaniondoa kwenye mawe. Zikafuata kazi nyingine hadi Manyoni, ambako mke wa mkuu wa stesheni alitaka macho ya paka wake yafanane na mapazia. Nikayafananisha. Nilianza kuamini kwamba kumtengeneza mnyama upya ndio ufundi wenyewe.

Ndipo akaja Mzee Njiku wa Sepuka, na maksai wake akimfuata bila kamba. Alikuwa ameona picha ya mbwa alipokwenda kulipa kodi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye unayechora mbwa?"

"Nina diploma, mzee."

"Basi chora ng'ombe. Huyu ni Madoa. Tangu mama yake afe nimemlea kwa mkono wangu."

Madoa alikuwa mnyama mzuri, mweupe mwenye mabaka meusi, isipokuwa sikio la kulia lilikuwa na mkato, pengo la pembe tatu, ndiyo alama ya ukoo wa Njiku. Kwangu lilikuwa kasoro. Nikaliziba kwa rangi, nikachora sikio kama jani.

Mzee aliitazama picha muda mrefu. "Fundi, sikio liko wapi?"

"Lipo, mzee. Hiyo ndiyo sanaa."

"Huyu hana kwao."

"Mzee, nimesoma miaka mitatu!"

Akaichukua. Aliwaonyesha watu wote wa Sepuka, maana alimpenda yule maksai kupita kiasi. Hilo ndilo lililomponza. Mwaka uliofuata, mifugo ya vijiji viwili ilichanganyika malishoni, na jirani mmoja akadai Madoa ni wake. Barazani, mbele ya Mtemi, jirani huyo hakubishana kuhusu rangi wala pembe. Aliomba picha iletwe.

"Tazameni," akasema. "Mwaka jana ng'ombe wa Njiku alikuwa na sikio zima. Huyu amekatwa. Njiku amemkamata ng'ombe wangu, akamtia alama yake. Na picha hii imechorwa na mtu mwenye diploma!"

Niliitwa. Mzee Njiku alikaa chini, mkono wake juu ya kwato ya Madoa, hakunitazama. Jirani alitabasamu. Karani wa Mtemi akaniuliza kama nilichora nilichokiona.

Vijana, niliitafuta njia ya kuinusuru kazi yangu. Sikuiona.

"Sikuchora nilichokiona," nikasema. "Mkato ulikuwepo. Niliuziba kwa sababu niliona haupendezi."

Baraza zima likaangua kicheko. Mtemi akauliza, "Ulisomea uongo miaka mitatu?" Kisha akamrudishia Njiku ng'ombe wake.

Lakini Njiku hakuondoka. "Rangi unazo?" akaniuliza. "Zibua ulichoziba." Nikauchora mkato palepale, mbele ya watu wote, kwa hasira, rangi nyeusi nene bila tabaka wala subira. Tangu siku hiyo kila mteja wa Singida alikagua masikio kwanza, akakagua masikio mwisho, na mwili ambao niliuhangaikia wiki tatu hakuutazama kabisa!

Sasa nimestaafu, diploma yangu iko ukutani. Juzi binti wa marehemu Njiku, naye sasa ni bibi, aliniletea picha ile niitazame. Mabaka yamefifia, pembe zimepauka, majani niliyoyachora miguuni pake kwa kujivunia yamekuwa vumbi. Mkato wa sikio ndio uliobaki mweusi kama siku ile.

"Mzee," akaniambia, akiuonyesha mkato kwa kidole, "hapa ulichora vizuri sana."

Nilimwambia aiondoe mbele yangu. Kisha nikamwomba aiache mpaka kesho.