Walindo: ile sheria ya "anayemlisha ndiye anayemtuma" naomba muifute, na nitawaeleza ilikotoka

Wakuu habari za jioni. Wakubwa zangu wote mliomo humu, shikamooni.

Naandika nikiwa na hasira, nasema mapema ili mtu asishangae huko mbele. Nitajitahidi kueleza taratibu kama kawaida yangu. Haya niliyaona kwa macho yangu, sikusimuliwa.

Juzi mdau mmoja alipandisha humu orodha ya jamii za kuchagua kwenye zile game za kuigiza. Kwenye orodha yake kulikuwa na Walindo, watu wenye vichwa vya mbwa. Nilifurahi, maana Walindo niliwabuni mimi, ingawa sijui walifikaje humu. Sina ugomvi wa umiliki, watumieni tu.

Nikashuka chini nikakuta udhaifu wao umeandikwa hivi: anayemlisha Mlindo ndiye anayemtuma, mpaka mlo unaofuata.

Mkajaza likes na vicheko. Mmoja akaandika, "Safi, mbwa ni mbwa."

Nikaiacha chai ikapoa.

Kwa ambao hamjawahi kucheza, msiogope, ni jambo jepesi. Game hii haihitaji umeme. Mnakaa mezani, mmoja anakuwa msimulizi. Yeye anaeleza mko wapi na mbele yenu kuna nini. Wengine kila mtu ana mhusika wake, anasema mhusika wake anafanya nini. Jambo likiwa gumu, bahati inaamua.

Wenzetu wanatumia dadu za pembe nyingi. Sisi Arusha, miaka ile ya internet cafe na vocha za kukwangua, dadu hizo tungezitoa wapi? Tuliandika namba ndani ya vizibo vya soda, tukavitia kwenye kopo la maziwa ya unga. Unatikisa, unavuta kimoja. Namba kubwa umefaulu, namba ndogo pole.

Kanuni nilizitoa kwenye kitabu cha mtumba nilichokikuta kwenye lundo sokoni, hakina hata jalada. Kilikuwa na watu wafupi wa chini ya ardhi na watu warefu wa msituni, wote wa huko kwao. Nikajiuliza, huku kwetu mlimani anaishi nani?

Nimekulia Akheri. Nyumbani tulikuwa na mbwa wa kahawia, kifua cheupe, jina lake Simba kama nusu ya mbwa wa Tanzania. Hakuna aliyemfundisha chochote. Jioni alizunguka shamba mwenyewe, akifuata masale, ile mimea tunayopanda mpakani, akapita migomba yote, kisha akalala mlangoni. Alikula makombo ya kwetu na ya majirani, lakini alilala sehemu moja.

Angekuwa anafuata chakula, angehamia kwa jirani yetu mwenye bucha.

Kutoka kwake nikawatoa Walindo. Wanasimama kama watu. Wananusa nyayo za jana. Hawalali wote kwa pamoja. Na mkia wao hauwezi kudanganya: Mlindo akisema uongo lazima avute kizibo, akipata namba ndogo mkia unamuumbua mbele za watu.

Hiyo ya mkia ilitosha kuwa udhaifu. Kumbukeni hilo.

Sasa wachezaji. Tulikuwa wanne. Mimi nilikuwa nafundisha tuisheni ya fizikia, ndiyo maana waliniita Ticha, na nilikuwa msimulizi. Dada Neema alikuwa fundi cherehani, mhusika wake mpiga mishale. Godi (nimembadilisha jina) alikuwa anaendesha duka la vifaa vya ujenzi la baba yake pale Kikatiti, na tulichezea kwenye stoo yake, tumekalia mifuko ya saruji. Mhusika wake alikuwa mfanyabiashara wa misafara. Wa mwisho ni Shabani, mpakiaji wa dukani kwa Godi. Mcheshi, mbishi, mdomo hauna breki. Yeye ndiye alichagua kuwa Mlindo, na aliucheza ule mkia mpaka tukaumwa mbavu.

Sitamnyima Godi haki yake. Alikuwa mkarimu. Kila Jumamosi chips na soda juu yake.

Siku moja akasema, "Ticha, hawa Walindo wana nguvu mno. Wapunguze." Akaleta sheria yake hiyo ya kulisha.

Nilikataa. Nikaeleza habari ya Simba na bucha. Wakacheka, wakapiga kura, nikashindwa. Hata Shabani aliinua mkono. Alisema, "Acha iwepo, Ticha. Mimi nikishiba huwa sisikii amri ya mtu."

Tukaendelea. Na kila Jumamosi mhusika wa Godi alimtupia Mlindo kipande cha nyama na kumtuma. Beba mzigo. Kaa mlangoni. Vuka mto wewe kwanza tuone kina. Shabani alifanya vichekesho, tukacheka.

Kisha Jumatatu moja nikaenda dukani kununua misumari. Shabani alikuwa anapakia saruji kwenye gari la mteja. Godi akapiga mluzi.

"Mlindo! Njoo hapa, umekula wali wangu wewe."

Mteja akauliza, "Mlindo ndiyo nini?"

"Mbwa wangu huyu," akasema Godi huku anacheka.

Na mteja akacheka. Shabani naye akacheka, akatua mfuko, akaja.

Wakuu, mnajua lugha yetu. Mbwa ni neno ambalo watu wamepigana ngumi kwa ajili yake. Na Shabani ni Muislamu, mbwa akimlamba anaosha mara saba. Mezani nilimpa jina la heshima, Mlindo, makusudi kabisa ili pasiwepo mtu wa kuitwa mbwa. Jamaa akalipindua jina langu likawa kamba ya shingoni.

Nikamvuta Godi pembeni.

"Ticha, ni game tu," akasema.

"Game ni Jumamosi. Leo Jumatatu."

"Mbona mwenyewe amecheka?"

Mtu anayelipwa na wewe akicheka utani wako, wewe unajua alichochekea? Mimi sijui. Sijui mpaka leo.

Ramadhani ikaingia. Shabani alifunga kama kila mwaka. Jumamosi Godi akanunua chips zake kama kawaida, hakuna aliyelalamika. Siku hiyo kwenye hadithi tulifika mdomo wa pango. Nikawaambia Mlindo ananusa damu mbichi humo ndani, kuna mtego. Wa kwanza kuingia huenda asitoke.

Godi hakufikiri hata kidogo.

"Natoa nyama kwenye mkoba, nampa. Haya, anaingia yeye."

"Hajala," akasema Shabani.

"Nimempa."

"Umempa, hajala. Mlindo wangu amefunga."

Godi akacheka kwa sauti. "Mbwa anafunga tangu lini?"

"Tangu alipojua bei ya chakula chako."

Neema akaacha kutafuna.

Godi akanigeukia. "Ticha, wewe ndiye msimulizi. Mwambie aingie."

"Sheria uliyoitunga inahesabu mlo ulioliwa," nikamjibu. "Huyu hajala. Pango bado liko mbele yenu. Nani anaingia?"

Akalipiga teke kopo. Vizibo vikatawanyika kati ya mifuko ya saruji.

"Tokeni. Stoo yangu, chips zangu. Na wewe Shabani, hapa duniani anayekulisha ni mimi. Jumatatu tutaonana."

Tukaokota vizibo na kopo letu, tukatoka. Barabarani nikamuuliza Shabani kama amekasirika.

"Uliza mkia, Ticha."

Alikuwa anatabasamu. Baadaye akasema, "Jumamosi ijayo mnisamehe. Nina watoto wanakula kwa yule mtu. Nikiendelea kukaa meza moja naye nitasema neno litakalonifukuzisha kazi."

Hilo ndilo lililoniuma kuliko teke la kopo. Mwenye kosa anabaki na meza, aliyekosewa anaaga kwa adabu.

Nikamwambia hakuna anayeaga. Meza inahama. "Njoo kwangu Moshono, utafuturu hapo hapo."

Neema akadakia, "Na chips tutakaanga wenyewe, zile zake zilikuwa na mafuta ya juzi."

Jumamosi tukakaa barazani kwangu. Shabani alileta futari aliyopika mkewe: tambi, mihogo ya nazi, tende kwenye bakuli. Kabla hatujaanza, Godi akatokea getini na mfuko wa chips.

"Nimesikia mmehama bila kuniaga," akasema. Hakuomba radhi.

Sikumfukuza. Mimi ni mwalimu, naamini mtu akionyeshwa ataelewa. Nikamwambia karibu, ila leo mfanyabiashara wako apumzike. Leo wewe ni Mlindo, na sheria yako ndiyo hiyo hiyo.

Akacheka, akakubali. Mwanzoni alifurahia hata kunusa nusa.

Adhana ya magharibi ikalia. Shabani akafungua kwa tende, akanywa maji. Halafu akajaza sahani ya tambi, akaisogeza mbele ya Godi.

"Karibu futari, bosi."

Godi akanyoosha mkono, ukaishia njiani. Akaiangalia sahani, akamwangalia Shabani.

"Kula tu," Shabani akamwambia kwa upole. "Sitakutuma popote."

Ule mkono ukarudi mfukoni.

"Nimekula njiani," akasema Godi.

Neema akalisogeza kopo. "Ticha, si avute kizibo? Amesema uongo huyo, tuuone mkia."

Hakuvuta. Alisimama, akaondoka, mfuko wake ukabaki juu ya ukuta wa baraza. Hakurudi tena mezani.

Mnaona kinachonikera? Aliyeitunga sheria hakuweza kukaa chini yake hata kwa kijiko kimoja cha tambi, tena tambi ya mtu aliyemhakikishia kwamba hatamtuma. Mwenzake alikaa chini yake miezi, mezani na dukani.

Shabani mwenyewe ndiye aliyechukua kalamu akaikata ile sheria. Chini yake akaandika: Mlindo hulinda alipochagua kulala. Idi ilipopita akaacha kazi kwa Godi, akapata kibarua kwa fundi mabomba hapo Moshono, na mezani tulicheza naye miaka.

Zile chips za ukutani alizila mbwa wa jirani. Alizimaliza zote, akalamba mfuko, akajinyoosha, akarudi kwao kulala.

Kwa hiyo ninyi vijana mnaobuni jamii mpya humu, na nawapenda sana kwa kazi hiyo, endeleeni. Wapeni udhaifu, game bila udhaifu haina utamu. Lakini kabla hujamvalisha mwenzako kamba, ivae wewe kwanza, na umpe mwingine ashike ncha. Ukiona mkono wako unarudi mfukoni, futa.

Mdau uliyepandisha ile orodha, sikujui na sina chuki nawe. Labda hukujua ilikotoka. Sasa unajua, irekebishe.

Na wewe uliyeandika "mbwa ni mbwa," nakusubiri hapa chini uniambie ulimaanisha nini. Wengine nao karibuni. Aliyewahi kuona utani wa mezani ukimfuata mtu mpaka kazini atuambie ilikuwaje. Nasoma kila comment, na atakayetaka Walindo kamili, mkia na vyote, nitamwelekeza hatua kwa hatua.