Kengele ya Mpishi Teodori

Mama Vailet hakuwa mgomvi. Miaka minane aliyopika kwenye chuo kile kilichojengwa upande wa Singe, baada ya Manyara kuwa mkoa, hakuna mwanafunzi aliyewahi kumsikia akipaza sauti. Hata siku panya alipokutwa ndani ya gunia la unga, alisema tu, "Yesu wangu," akanyanyua mwiko, na panya akaitwa kwa Muumba wake papo hapo. Jioni alipokuwa akirudi kwake Nakwa alimwombea.

Jina lake la ubatizo lilikuwa Antonia, lakini chuoni walimjua kwa jina la binti yake, kwa maharage yake ya karanga, na kwa kengele yake. Kengele yenyewe ilikuwa ya shaba, ndogo kama kikombe cha kahawa, na mpini wake mweusi umelika upande mmoja. Ikitikiswa ililia kama mtoto aliyenyimwa sukari, na sauti ikafika mpaka bweni la mwisho. Chakula kikiiva, Mama Vailet alisimama mlangoni mwa jiko, akaipiga mara tatu, akaiweka mezani, kisha akashika upawa na kupakua yeye mwenyewe. Kabla ya kengele hakuna aliyeonja hata ukoko, awe mwanafunzi, awe mwalimu, awe mkuu wa chuo.

Basi mwaka ule mkoa ulipotimiza miaka kumi, wanafunzi wakaandaa wiki nzima ya kukataa ubaguzi wa rangi na kung'oa mawazo ya kikoloni vichwani mwa watu. Mwenyekiti wa kamati alikuwa kijana anayeitwa Nestory, mwembamba, mwenye miwani, na maneno yake yalizidi kilo zake. Alizunguka mji mzima akikusanya vitu vya kale vya maonesho. Alipopita jikoni kuomba maji ya kunywa, macho yakatua kwenye kengele.

"Shikamoo, Mama Vailet."

"Marahaba, mwanangu. Chakula bado."

"Sijafuata chakula leo. Hii kengele umeitoa wapi?"

Akamweleza bila kuficha. Ilikuwa ya baba yake, aliyeteremka kutoka milima ya Mbulu akiwa kijana, akawa mpishi wa mlowezi mmoja kule bondeni, Bwana Hofman. Bwana akikaa mezani alikuwa anaitikisa, na mpishi anatoka jikoni mbio, kuleta chumvi, kuondoa sahani, kufukuza nzi.

Nestory akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mama! Hiki ni chombo cha mateso!"

"Mbona kimekushibisha miaka miwili?" akasema Anifa, mpishi mwenzake Mama Vailet, aliyekuwa akichambua mchele pembeni. Anifa alikuwa mdogo kwa umri lakini mdomo wake ulikuwa mkubwa.

Mama Vailet akampa kijana kengele aende nayo. Kwa wema wake akamwongezea na picha moja ya zamani: Bwana Hofman amekaa barazani, mbwa kalala miguuni pake, na nyuma yao baba yake kasimama na birika, nusu ya uso imekatwa na ukingo wa picha. Nestory akatoa daftari, akauliza maswali kama karani wa sensa. Bwana huyu jina lake kamili nani? Shamba lilikuwa ekari ngapi? Akauliza hata jina la mbwa.

"Bruno," Mama Vailet akasema. "Baba alikuwa anasema huyo ndiye aliyekuwa mstaarabu kuliko wote pale nyumbani."

Siku ya kilele, asubuhi, Mama Vailet alipeleka birika za chai ukumbini, akapata nafasi ya kuangalia maonesho. Ukumbi ulikuwa umependeza. Kitambaa kirefu kilining'inia mbele kimeandikwa BINADAMU WOTE NI SAWA. Chini yake ilikuwepo meza kuu yenye kitambaa cheupe, viti vya sofa na maji ya chupa. Sisi wengine tuliobaki sawa tulitengewa mabenchi. Kulikuwa na kijana wa Kizungu aliyekuja kujitolea maktaba. Alikuwa amejikalia nyuma kabisa na daftari lake. Kamati wakamsogeza mstari wa nne, kisha wa kwanza, na mwisho Nestory mwenyewe akamshika mkono, "Karibu mbele, karibu mbele," akampandisha meza kuu. Kijana wa watu akakaa pale masikio yamemwiva.

Kengele ilikuwa juu ya meza ndogo, na mbele yake karatasi ya USIGUSE. Pembeni picha, na chini ya picha bango dogo lililopigwa plastiki. Mama Vailet alisoma darasa saba, akasoma vizuri, lakini maandishi ya maana huwa anayafuata kwa kidole. Akafuata:

"Kengele ya meza ya Bwana Wilhelm Hofman, mlowezi, mwenye shamba la ekari elfu mbili. Pichani yupo na mbwa wake Bruno. Nyuma ni boi."

Akarudia kusoma, isije ikawa kidole kimeruka mstari. Kidole hakikuruka. Baba yake alikuwa na mvi na watoto sita wakati bado anaitwa hivyo, na sasa amekufa, Mungu amrehemu, bado anaitwa. Mbwa ana jina.

Akamtafuta Nestory, akamkuta anakagua maua ya plastiki.

"Mwanangu, yule aliyesimama nyuma ana jina. Ni baba yangu, anaitwa Teodori. Naomba umwandike."

"Mama yangu, bango limechapwa mjini, na mgeni rasmi yuko njiani. Tutarekebisha mwakani."

"Kalamu unayo mfukoni."

"Kalamu italichafua. Halafu tusimwangalie mtu mmoja mmoja, mama. Yule anawakilisha wanyonge wote."

"Na mbwa anawakilisha nani?"

Nestory akaangalia saa. "Naomba chakula saa saba kamili. Na mkileta, mpite mlango wa nyuma, msije mkakatiza mbele ya meza kuu."

Mama Vailet akarudi jikoni, akakoroga maharage kwa nguvu.

"Hayo maharage yamekutukana?" Anifa akauliza.

Akamsimulia. Anifa akaweka mikono kiunoni. "Niachie sahani ya mwenyekiti. Konzi mbili za chumvi, atajikomboa mwenyewe mbio mpaka Mutuka."

"Chakula hakina kosa, Anifa."

Ndipo akamwambia habari ambayo hajawahi kumwambia mtu pale chuoni. Bwana Hofman alipoondoka, mwaka wa pili baada ya uhuru, aliwaambia watumishi wake kila mmoja achague kitu kimoja cha nyumba ile aende nacho. Mtunza bustani alichagua godoro. Dereva akachagua redio. Teodori akachagua kengele. Mkewe hakusema naye mwezi mzima. "Redio ipo," alikuwa anawaambia majirani, "mwanamume ananiletea kengele!" Jumapili moja baada ya misa Teodori akaipiga pale nyumbani mara tatu. Mke akageuka amekunja uso, tayari kwa vita. Mzee akanyanyuka, akaepua chungu, akampakulia mkewe kwanza, kisha watoto, yeye akala mwisho. "Nyumba hii," akasema, "anayepiga ndiye anayepakua." Ikawa ndiyo sheria ya nyumba. Tangu siku hiyo watoto waliikimbia ile kengele kama mzinga wa nyuki.

"Kumbe ndiyo maana unapakua mwenyewe," Anifa akasema polepole.

"Ndiyo maana. Nami leo sitaki kingine. Nataka jina lake lisikike mle ndani kabla watu hawajala."

Saa saba wali ulikuwa tayari, nyama tayari, perege wa kukaanga wamejipanga kama wanakwaya. Mama Vailet akafunika kila kitu vizuri, akavuta kigoda, akatoa rozari yake.

Ikafika saa saba na nusu. Kule ukumbini mgeni rasmi, Profesa Sabaha, binti wa muuza vitambaa wa hapa hapa mjini, alikuwa amemaliza kuzungumza zamani. Nestory alisimama akatoa shukrani, kisha akashukuru kwa shukrani, mpaka mabenchi yakaanza kuguna. Mwishowe akaja jikoni mbio, tai imehamia begani.

"Mama Vailet! Chakula hakijaiva?"

"Kimeiva."

"Sasa?"

"Nasubiri kengele. Hapa tunapakua baada ya kengele, wewe si mgeni."

"Basi piga!"

"Si uliichukua?"

"Gonga hata sufuria!"

"Sufuria ina wali," Anifa akasema.

Nestory akashusha sauti. "Mama, mmegoma?"

"Mungu apishe mbali! Mimi nasali. Niko fumbo la tatu la rozari."

Akarudi ukumbini kama aliyefukuzwa na jogoo. Akafika kwenye meza ndogo, akaangalia huku, akaangalia huku, akaikwapua kengele mbele ya ile karatasi ya USIGUSE aliyoiandika kwa mkono wake.

"Mwenyekiti," Profesa Sabaha akaita, "unaipeleka wapi?"

Ikabidi aeleze yote, kwa kipaza sauti, mbele ya watu wenye njaa. Profesa akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Naomba huyo mama aje hapa."

Mama Vailet akaingia na aproni yake, Anifa nyuma yake na mwiko. Walipitia mlango wa mbele, wakakatiza pale pale mbele ya meza kuu.

"Shikamoo, mama," Profesa akasema, akasimama. Ukumbi mzima ukasema "Ooh."

"Marahaba, mwanangu."

"Naambiwa bila kengele hatuli. Mimi nimetoka Arusha alfajiri na tumbo tupu. Nifanyeje?"

"Ipigwe tu. Lakini ina sheria zake mbili. Kwanza, mwenyewe atajwe kwa jina. Pili, anayepiga ndiye anayepakua."

Ile sheria ya kwanza Teodori hakuwahi kuiweka. Mama Vailet aliitunga amesimama pale pale, na Jumamosi iliyofuata alikwenda kuiungama. Padri alimpa sala moja tu, fupi.

"Na mwenyewe ni nani?" Profesa akauliza.

"Teodori. Mpishi. Baba yangu. Alijua kuoka mkate ndani ya debe."

Profesa akaenda kwenye bango, akalisoma kwa sauti. Alipofika kwa Bruno watu wakacheka. Aliposoma "Nyuma ni boi," hakucheka mtu. Akamgeukia Nestory. "Una kalamu?"

Kalamu alikuwa nayo. Akapiga magoti akaandika, lakini wino ukateleza juu ya plastiki. Akajaribu tena, ukateleza. Mwisho, msomi wa watu, akaing'oa ile plastiki kwa meno, akakata neno la mwisho kwa mistari mitatu, akaandika: "Teodori, mpishi, mwenye kengele." Kisha akakisoma alichoandika bila kuombwa, na sauti yake safari hii ilikuwa ndogo.

"Haya, mwenyekiti," Profesa akasema kwa upole mwingi, "piga tule."

Nestory akaipiga mara tatu kwa nguvu zote za njaa. Ya tatu ilikuwa bado hewani alipokumbuka sheria ya pili. Ukumbi ukaangua kicheko mpaka kile kitambaa cha binadamu wote kikachomoka upande mmoja.

Alipakua. Anifa alimfunga aproni yake yenye maua mekundu. Profesa alikunja mikono ya gauni akashika wali, na yule kijana wa Kizungu alitoka kwenye sofa kwa mbio ambazo hajawahi kuonesha maktaba, akabeba sufuria ya maharage. Nestory hakujua vipimo. Kumi wa kwanza aliwajengea vilima vya nyama, na waliofuata wakapata mchuzi na pole.

"Mwenyekiti, hii nyama yangu imeshajikomboa?" mmoja akauliza, akiinua sahani kuelekea mwanga.

Viti vya meza kuu vilikuwa wazi, na Mama Vailet miguu ilikuwa inamuuma, kwa hiyo walikaa, yeye na Anifa. Nestory akawaletea sahani mbili, perege mmoja mmoja, kengele akaiweka katikati yao. Mama Vailet akafanya ishara ya msalaba, akaonja wali.

"Umepoa," akasema. Akala wote.

Anifa alimaliza samaki wake, akaramba vidole, akatazama sahani, akatazama foleni ndefu. Mkono wake ukaanza kutambaa kuelekea kwenye kengele.

"Anifa," Mama Vailet akasema bila kuinua macho, "ukipiga, utapakua."

Mkono ukarudi haraka kwenye mapaja ya mwenyewe, ukatulia.