Vidonge vya Shija

Siku niliyomnyang'anya mdogo wangu Shija vidonge vyake vya kifafa naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu. Tulikuwa tunachimba dhahabu karibu na Segese, vijana wenye nguvu, akili hatuna. Shija alianza kuanguka tangu utotoni. Zahanati ilimpa fenobabito, akawa anameza kila jioni, na mwaka mzima ukapita hajaanguka. Asubuhi alikuwa mzito kidogo, basi.

Halafu shimo letu likagoma. Wiki ya tatu tunatoa mawe matupu. Mganga wa pale machimboni akasema kuna mtu kati yetu anakula dawa za hospitali, na dhahabu inaikimbia harufu ya hospitali. Wenzangu wote wakanigeukia mimi, kaka yake Shija. Aibu niliyoipata, mwanangu, we acha tu! Nikachukua vile vidonge vyote, nikavitumbukiza chooni.

"Kaka, daktari alisema nisiache ghafla," Shija alinisihi.

"Kwani daktari anachimba na sisi?"

Nilijiona mjanja kweli.

Siku ya tatu alishuka shimoni kwa kamba. Hajafika hata nusu, tukasikia ule ukelele wake wa kifafa, ambao mimi niliujua tangu nyumbani. Kamba ikalegea. Tulipomtoa, alikuwa ameshakufa.

Tabibu wa zahanati aliniuliza nani alimwachisha dawa. Nikasema mimi. Akanitazama, akasema mwili uliozoea dawa ile ukinyimwa ghafla, kifafa kinarudi kikali kuliko mwanzo. Mama naye aliniuliza kama mwanawe alikuwa anameza dawa zake. Nikamwambia ndiyo, mama. Mama alikufa akiamini hivyo, na mimi nikabaki na uongo wangu.

Sasa wewe unaniambia mtoto wako hajaanguka mwezi mzima, kwa hiyo umempunguzia dawa, na zinazobaki unampa mtoto wa jirani. Ebo! Haanguki kwa sababu anameza! Na huyo wa jirani haanguki, anazubaa tu kidogo na kurudi. Kifafa chake ni kingine, kina dawa yake, na dawa isiyo yake inaweza kumzidishia. Kama wako dawa zinamlemea, mpeleke kliniki wabadilishe wao, wapunguze wao, polepole. Wewe usiguse.

Nenda kamtayarishie dawa yake ya leo. Mungu amkuze, mwanangu, aje akuzike yeye, usimzike wewe.