Kumtafutia Wafula Pa Kulala

Nilitumwa Uingereza na ukoo mzima kwenda kumleta ndugu yangu azikwe nyumbani. Kulikuwa na kikwazo kimoja kidogo: ndugu yangu alikuwa bado hai.

Wafula ndiye anayenifuata kwa kuzaliwa. Aliondoka kwetu, karibu na Webuye, akiwa kijana, akaingia jeshi la Uingereza, akawaendeshea malori katika vita vyao, na alipostaafu akaweka makao Birmingham. Mwaka huu moyo wake ulianza kuchoka, na madaktari wakamwambia, kwa adabu yao, apange mambo yake. Akayapanga. Akatupigia simu kusema kwamba anataka kuzikwa hukohuko, kwenye makaburi ya wanajeshi.

Jioni ileile kikao cha ukoo kikaitishwa. Watu ambao hawakuwa wamemjulia hali Wafula tangu walipoacha kumwagiza viatu walilia kwa uchungu mkubwa. Azikwe ugenini? Katikati ya Wazungu? Baba mdogo Kundu, ambaye ndiye mkubwa wetu sasa, akatukumbusha kwamba kwetu mwanamume hazikwi kama hana nyumba katika boma la baba yake, na Wafula hakuwahi kujenga. Hilo halikumsumbua mtu. "Nyumba tutamsimamishia kwa siku moja," alisema Barasa, kitindamimba wetu, ambaye mdomo wake hufika kazini kabla ya mikono. "Wewe Dada nenda tu umlete." Nilichaguliwa kwa kuwa mimi ni mwalimu mstaafu, sina mume wa kuombwa ruhusa, na Kiingereza changu, walisema, kinaweza kuwatisha hata watu wa makaburini.

Birmingham, uwanja wa ndege. Afisa wa uhamiaji aliniuliza kama nina nia ya kubaki nchini mwao. Nikamwambia nimetumwa kupunguza watu, si kuongeza. Hakucheka, lakini aligonga muhuri.

Nje nilipokewa na Abdi, jirani wa Wafula, Msomali aliyekulia Eastleigh, Nairobi, ambaye sasa anaendesha teksi. Aliitazama sweta yangu kwa huruma.

"Karibu, mathe. Hiyo sweta ni ya hapa ama ni ya kanisa?"

Njiani nikamweleza kilichonileta. Akatikisa kichwa mpaka nikaogopa kwamba haoni barabara.

"Sisi mtu akienda asubuhi, tukiweza, jioni ashalala. Nyinyi Wakristo lazima muanze na kamati."

"Huyu kamati imeanza akiwa hai," nikasema.

"Wallahi, mathe, hiyo sasa ni next level."

Hodge Hill, nyumbani kwa Wafula. Ni mtaa wa nyumba zilizoshikana mbilimbili, kila moja na kibustani chake mbele, utulivu mtupu, kana kwamba wote wamegombana wakanuniana. Wafula alinifungulia mlango mwenyewe. Alikuwa amekonda, lakini shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inaweza kukata mkate. Tulikumbatiana kwa muda mrefu kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuonyesha uso.

"Dada, umekuja kunibeba?"

"Nimekuja kukuona. Kukubeba ni agizo."

Akacheka, akaweka chai. Binti yake Nafula, ambaye ni muuguzi, aliingia kutoka kazini, akanibusu, akaketi kutusikiliza. Nafula anaelewa Kiswahili chote na hajibu hata neno moja la Kiswahili; ukimwuliza kwa Kiswahili, anakujibu kwa Kiingereza.

"Kwa nini makaburi ya wanajeshi?" nikamwuliza Wafula. "Sisi tumekukosea nini?"

"Hakuna kitu mmenikosea. Lakini wale tumelala pamoja jangwani, Dada. Tunajuana mpaka kukoroma."

"Na sisi hatukujui?"

"Kuna mtu huko anajua mimi nakoroma?"

Aliuliza taratibu, bila ubaya wowote, na hilo ndilo lililonichoma. Nafula akasema kwa Kiingereza kwamba tusibishane juu ya mahali ambapo hakuna hata mmoja wetu amepaona. Kesho twende tukapaone.

Asubuhi yake, makaburini. Lazima niseme ukweli: wanajeshi wao waliokufa wanaishi vizuri. Mawe meupe yamepangwa mistari, nyasi zimenyolewa, hakuna mbuzi, hakuna mtu aliyeanika nguo. Mama mmoja wa ofisini, mpole kupita kiasi, alitupokea na kumsikiliza Wafula mpaka mwisho. Kisha akamwambia, kwa masikitiko makubwa, kwamba sehemu ile ni ya waliofia vitani, na zaidi ya hapo ilijaa zamani.

Kumbe kosa la ndugu yangu lilikuwa kurudi mzima. Angekuwa mzembe kidogo tu barabarani na lile lori lake, leo angekuwa na jiwe jeupe na mtu wa kumkatia nyasi.

Mama yule akaendelea kutusaidia. Kuna pembe nyingine, alisema, ya wanajeshi wastaafu. Hiyo nayo imejaa, ila bado kuna nafasi za majivu. Akatuonyesha: vipande vya ardhi vinavyotosha sinia ya chai. Wafula akiridhia kuchomwa, atapata kimoja, na jina lake litaandikwa. Nilimshukuru. Nikamweleza kwamba kwetu vinavyochomwa ni takataka na mahindi, na ndugu yangu si mojawapo. Akasema ananielewa kabisa, na nadhani hakunielewa hata kidogo.

Wafula alisema neno moja tu, "Sawa," kama mtu aliyepewa amri. Lakini tulipokuwa tukirudi kwenye gari la Nafula alinishika mkono na hakuuachia. Mtu mzima, mwanajeshi, alikuwa ameogopa kwamba hana pa kuwekwa. Nilimwonea huruma mpaka nikawakasirikia wale waliokufa kwa kujinyoosha sana.

Garini, nje ya lango. Hapo nikaona nafasi yangu imefika. "Unaona?" nikamwambia. "Nyumbani ardhi ipo. Baba aligawa, na sehemu yako ipo." Na ili asibaki na shaka, nikampigia Barasa, nikafungua spika ya simu wasikie wote.

"Barasa, tayarisheni pale kwa Wafula. Anzeni nyumba."

Nikasikia Barasa akimeza mate kutoka bara jingine.

"Dada, sasa pale kwa Wafula... si unajua kuna miwa?"

"Miwa ya nani?"

"Ni yetu tu. Ya familia. Nilipanda tu ndio shamba lisikae bure."

"Kata."

"Haijakomaa, Dada! Na kiwanda hakijaleta trekta. Hebu uliza daktari, kwani hawezi kumsukuma mpaka mwezi wa nane?"

Nafula aligeuza uso dirishani. Wafula akaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa, akajifuta macho kwa kiganja. Mimi sikucheka. Niliona aibu, aibu ya kweli, ya kutamani kushuka kwenye gari. Nilivuka bahari kumwambia mtu kwamba ana kwao, na kwao kulikuwa kumepandwa kona hadi kona. Waingereza wamejaza wafu, sisi tumejaza miwa, na kila mmoja wetu ana masikitiko makubwa.

Aston, alasiri. Wafula alisema hataki kurudi nyumbani kukaa na ukuta. Akamwomba Nafula atupitishe kwa Maureen, mjane wa rafiki yake Terry, dereva mwenzake jeshini. Anakaa karibu na uwanja mkubwa wa mpira, kwenye safu ndefu ya nyumba za matofali mekundu ambazo mlango unafungukia barabarani, kiasi kwamba mpita njia angeweza kukuomba chumvi. Maureen ni Mzungu mfupi, mnene, anayemwita ndugu yangu "Waffy" bila kuomba ruhusa ya ukoo.

Alitupatia chai na keki, akasikiliza habari za asubuhi, za mawe meupe, za sinia ya majivu, na, kwa kuwa Wafula hana siri, za miwa pia. Kisha akaweka kikombe chini. Yote haya aliyasema kwa Kiingereza chao cha pale, na Nafula alilazimika kunirudia nusu yake. Kiingereza changu cha kutisha watu kilikaa kimya.

Kaburi la Terry, alisema, liko katika makaburi ya kawaida ya mji, si ya wanajeshi. Lilichimbwa refu, la watu wawili: Terry chini, yeye aje juu. Ndivyo wafanyavyo huku, maana ardhi ni haba. Lakini yeye ameshabadili nia. Anataka achomwe, majivu yake yamwagwe baharini, pale alipopelekwa kuogelea akiwa mtoto.

"Nimemsikiliza Terry akikoroma maisha yangu yote ya ndoa," alisema. "Nafasi ya juu ni yangu na ninampa ninayetaka. Ichukue wewe, Waffy."

Mtu juu ya mtu! Nilishtuka, keki ikanipalia. Nikaanza kupanga hotuba kichwani: mila zetu, boma la baba, wazee watasema nini. Nilikuwa hata nimeshasafisha koo. Ndipo nikamwona Wafula.

Alikuwa anatabasamu kama ambavyo sikuwa nimemwona akitabasamu tangu nifike.

"Dada," akaniambia, "kambini tulikuwa na vitanda vya ghorofa. Terry alikuwa mzito. Akipanda juu, kitanda kinalia usiku mzima, watu wanamtukana. So yeye akawa chini, mimi juu. Kila kambi tuliyopelekwa, yeye chini, mimi juu."

"Na akikoroma?"

"Napiga kitanda teke moja. Ananyamaza."

Maureen alicheka kabla Nafula hajamtafsiria. Nadhani alikuwa ameshaisikia hadithi hiyo kwa Terry, kutoka upande wa chini. Ile hotuba yangu niliimeza pamoja na keki.

Kurudi. Abdi alinipeleka uwanja wa ndege, akauliza kama tumepata kaburi. Nikamwambia tumepata, juu ya mtu mwingine. Akageuka kunitazama, akauliza, "Wanajuana?" Nikamwambia wanajuana sana. "Basi ni sawa, mathe," akasema.

Nyumbani, kikao cha pili. Nilipotoa taarifa, vilio viliangusha mavumbi kwenye mabati. Juu ya Mzungu! Mtoto wetu! Baba mdogo Kundu alisimama kwa fimbo yake akasema halijapata kutokea. Nikawaacha walie mpaka wachoke.

"Mmesema kweli," nikawaambia. "Aletwe. Kesho asubuhi tukutane na mapanga tukate miwa ya Barasa."

Sijawahi kusikia kimya kizuri namna ile tangu niache kufundisha. Baba mdogo akakohoa. Akaketi. Akasema kwamba, tukitazama kwa makini, mila haikatazi waziwazi. Na kama wanaume hao walilala hivyo wakiwa hai, sisi ni nani tuwatenganishe? Wa kwanza kupiga makofi alikuwa Barasa.

Kwa hiyo, nyinyi mnaopanga safari ya kwenda kumrudisha mtu wenu, nilichojifunza ni hiki: kabla ya kulilia maiti ya mtu, nendeni kwanza mkaangalie kama mmembakizia pa kukanyaga. Kulia ni rahisi, hakuhitaji ardhi.

Mimi nilienda kuangalia, na panga mkononi. Nilikata pembe moja ya ile miwa huku Barasa amejishika kichwa, nikaita mafundi, wakasimamisha nyumba ya chumba kimoja na baraza, kuta za udongo, mabati mapya. Nafula alikuwa ameshamwuliza daktari, akaambiwa baba yake anaweza kusafiri Desemba akienda polepole. Siku mlango ulipotiwa nikampigia Wafula.

"Umejengewa," nikamwambia.

"Dada, mambo ya kaburi si tulimaliza? Hiyo nyumba ni ya kunizikia?"

"Ni ya kulala. Njoo ulale humo ukiwa bado unakoroma, tukusikie."

Nikamsikia akivuta pumzi.

"Basi niwekee kitanda cha chini, Dada," akasema. "Cha juu nimeshapata."