Mtaa wa Binti Yake Lisbon

Jumatatu asubuhi, ndani ya basi kutoka mtaa wa Fereej Bin Mahmoud hapa Doha, mlinzi mmoja Mkenya aliyeketi kando yangu alininyooshea simu.

"Dada, hebu nisomee hii. Macho yangu leo hayashiki."

Binti yake anasomea uuguzi Lisbon, Ureno, na amepanga chumba katika nyumba kuukuu, mtaa wa Alfama. Walikuwa wakiongea aliposema, "Baba, kitanda kinatikisika," simu ikakatika. Dakika arobaini zilikuwa zimepita na hapatikani. Katika kutafuta habari, mzee alikuta historia: tetemeko la ardhi liliuangusha mji ule, moto ukafuata, na bahari ikawafagia waliokimbilia ufukweni.

"Hii ni ya karne ya kumi na nane," nikamwambia.

"Najua. Mtaa wake je? Tafuta mtaa wake."

Nikasoma polepole, nikiuogopa kila mstari uliofuata. Alfama iko juu ya mwamba, na nyumba zake nyingi zilibaki zimesimama.

"Soma tena."

Nilisoma mara tatu. Kituo chake kikapita, hakushuka.

Ndipo simu yake ikalia mkononi mwangu, namba ngeni; nikaipokea kwa spika. "Baba, niko nje na majirani. Simu yangu ilianguka kwenye ngazi, nimeazima hii."

Mzee alifumba macho, akauliza jambo moja tu: "Umevaa viatu?"

Sisi tuliokuja Doha kutafuta kazi tumezoea walio nyumbani kuwa na wasiwasi juu yetu. Siku hizi sisi tuliotawanyika ughaibuni tunahangaikiana sisi kwa sisi, na nyumbani hakuna aliyebaki wa kumtuliza yeyote.